Shavu la Kushoto la Mjomba Jamleck

Elburgon
11 Februari 2024

Kwa mpwa wangu Wachuka,

Pokea salamu zetu, mimi na Mama Abby. Tuko wazima, isipokuwa goti lake la kulia ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Baridi ni kali, asubuhi nyasi zinaamka nyeupe. Viazi vimekubali. Mama yako ametuma habari kutoka Kabazi kwamba ng'ombe wake amezaa ndama jike, na kwamba wewe hujafika huko tangu Krismasi. Hilo la pili alilisema mara tatu, kwa hivyo nakufikishia.

Najua utacheka kupata barua wakati watu wote wana simu. Lakini unayajua masikio yangu. Miaka thelathini na moja mbele ya msumeno wa kiwanda cha mbao imeniachia sikio moja tu, la kulia, nalo linasikia nusu. Kwenye simu mimi husema "ndiyo, ndiyo" kwa mambo nisiyoyajua, na siku moja nitakubali kuuza shamba. Karatasi hainikimbizi. Nitampa Kiprotich wa lori la mbao akuletee hapo kliniki. Ukijibu, mpe yeye.

Binti yangu Abby ametueleza kazi yako mpya. Ati mtu analala kitandani, unamchoma uso kwa sindano nyingi, anatoka damu, halafu anakushukuru. Nimelifikiria jambo hilo wiki nzima. Siulizi kwa ajili yangu. Nina rafiki, tulifanya kazi pamoja kiwandani, ana kovu la zamani usoni. Ni mzee kama mimi, miaka sitini na miwili. Anataka kujua kama ngozi ya umri huo bado inaweza kufundishwa kitu.

Wageni wa Abby kutoka Keringet, watu wa mchumba wake, walikuja Desemba kujua boma letu. Walikula kidogo. Tangu siku hiyo hatujasikia neno.

Ni mimi mjomba wako,
Jamleck Kahiga

*

Nakuru
25 Februari 2024

Mjomba mpendwa,

Kiprotich alileta lori mpaka mlangoni, akapiga honi hadi Daktari Immaculate akatoka na glavu mikononi kuuliza nani anakufa. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti ili wenzangu wasikie ile ya kuuza shamba. Mimi niko salama. Nyumba nimehamia upande wa Section 58, maji yanakuja Jumanne na Ijumaa. Kwa mama nitafika Pasaka. Mwambie hivyo, tena mwambie mara tatu.

Sasa juu ya rafiki yako. Kazi hii inaitwa microneedling. Chombo chenyewe ni kama kalamu nene inayotumia umeme, na nchani kina visindano kumi na viwili vifupi, vyembamba sana. Vinaingia na kutoka haraka, vinaacha vishimo ambavyo kufikia kesho yake vimeshajifunga. Ngozi haijui kwamba ni mimi. Inadhani imeumizwa, basi inawaita mafundi wake, nao wanaanza kutengeneza collagen, yaani zile nyuzi zinazoshika ngozi kama fito zinavyoshika udongo wa ukuta. Panapokuwa pamebonyea panajaa polepole. Panapokuwa pagumu panalainika. Kazi hiyo inaendelea chini kwa chini kwa miezi, hata mtu akiwa ameshasahau kwamba alichomwa.

Nikwambie ukweli, nilipoona mara ya kwanza nilitoa machozi. Msichana mmoja alikuja hapa akiwa amefunika mashavu kwa mtandio kwa sababu ya mashimo ya chunusi. Baada ya mara ya nne akausahau mtandio wake kwenye kiti, na hakurudi kuuchukua. Mimi sitengenezi ngozi, Mjomba. Mimi nabisha hodi tu. Ngozi ndiyo inayofungua mlango na kufanya kazi, na umri wa miaka sitini na miwili haujaisahaulisha. Inafanya taratibu zaidi, basi.

Lakini mwambie rafiki yako kwamba kovu halifutiki. Linatulia. Na asikubali mtu wa mtaani amuuzie kile kigurudumu cha sindano ajifanyie nyumbani. Tumeshatibu watu wawili waliooza uso kwa vitu hivyo.

Nahitaji kujua mambo matatu. Je, makovu yake mengine huvimba na kupita mipaka yake? Hili lina umri gani? Lilitokana na nini? Pia mwambie kwamba kama kovu lenyewe liko shavu la kushoto, linaanza chini ya jicho na kuvuta mdomo juu, basi mpwa wake amekuwa akitamani kumwuliza tangu siku aliyomaliza masomo, akaogopa.

Wako,
Wachuka

*

Elburgon
17 Machi 2024

Wachuka,

Umenishika.

Huku ni salama. Mvua ilinyesha jana, goti la Mama Abby lilikuwa limetuambia tangu Jumatano.

Majibu ni haya. Makovu yangu mengine hayavimbi. Msumeno uliniachia alama nne mkononi na zote zimelala. Hili la usoni ni la zamani, mwaka siukumbuki vizuri. Lilitokana na ubao, uliruka kutoka kwenye benchi la kupasulia. Hayo mnayajua nyote.

Nitakuja Alhamisi hii. Mama Abby nimemwambia naenda mjini kununua tupa za kunolea msumeno. Usimwambie mtu yeyote, hasa Abby.

J. Kahiga

*

Kabazi
31 Machi 2024

Mjomba,

Heri ya Pasaka. Nimeandika nikiwa Kabazi, ndama ameitwa Neema na amekula kona ya kitabu changu cha kanisani. Mama anakusalimu.

Natumaini unapaka yale mafuta ya kukinga jua kila asubuhi, hata kukiwa na ukungu, na kofia huitoi. Wekundu ulipaswa kuisha siku ya tatu. Ukiona usaha au joto, usiandike barua, njoo.

Nataka kukuambia jambo ambalo sikuweza kusema Alhamisi ile kwa sababu ningelazimika kulipaza sikioni mwako mbele ya watu. Kabla ya mimi kuanza, Daktari Immaculate alipitisha sindano chini ya kovu kukata nyuzi zilizokuwa zimeishika ngozi kwenye nyama. Wanaume wengi hapo hushika kitanda. Wewe ulifumba macho, ukaweka mikono tumboni kama mtu anayesikiliza mahubiri. Nilipochukua kalamu yangu mkono ulitetemeka, nadhani uliona, kwa sababu ulifumbua jicho moja ukasema, "Nenda na uzi wa mbao, usiende kinyume." Daktari alicheka. Lakini nilienda na uzi wa mbao, nikifuata mwelekeo wa ngozi yako, na mkono ukatulia. Tangu siku hiyo nalikumbuka neno hilo kila nikianza uso mpya.

Daktari ameacha nafasi tupu kwenye faili yako, pale panapoandikwa chanzo cha jeraha. Anasema ubao hukwaruza na kupasua, haukati mstari ulionyooka kutoka juu kwenda chini. Alinituma nikuulize. Nimekuuliza mara hii moja. Usipotaka kujibu, nafasi itabaki tupu na matibabu yataendelea vile vile.

Tarehe yako ya pili ni 9 Mei.

Wachuka

*

Elburgon
28 Aprili 2024

Mpwa wangu,

Tunamshukuru Mungu, mvua hii iliyoharibu kwa wengine huku imetuachia nyumba. Barabara ya kwenda msituni imekatika, Kiprotich alikaa siku tano bila kazi, ndiyo sababu barua hii imechelewa. Kiazi kimoja kati ya vitatu kimeoza.

Mama Abby alijua siku hiyo hiyo. Nilifika nyumbani uso mwekundu kama nyanya, mikono mitupu. Alikuwa anamenya viazi mlangoni. Alinitazama muda mrefu, halafu akainuka akaja kwenye sikio langu la kulia.

"Jamleck, hizo tupa zimekupiga makofi?"

Nikamweleza yote. Nilifikiri atanicheka, mzee mzima kutafuta urembo. Hakucheka. Aliosha mikono, akaniambia nikae, akashika kidevu changu akakigeuza kwenye mwanga. Kisha akasema, "Nimelala kando ya uso huu miaka thelathini. Kama unauma, mbona hukuniambia?" Nikamwambia hauumi. Akasema, "Sikuuliza juu ya ngozi." Tangu siku hiyo yeye ndiye anayenipaka yale mafuta, na ananipaka kama anayekandika ukuta.

Sasa nitakueleza kwa nini nilikuja kwako, kwa maana hilo unastahili kujua.

Wale wageni walipokuja Desemba, baba wa kijana, Mzee Kibii, aliketi mkabala nami. Ni mtu mzuri, mcheshi. Alitoa hadithi ya ng'ombe wake aliyeingia kanisani wakati wa sadaka na kusimama kwenye foleni. Watu wote walicheka. Mimi niliisikia nusu, lakini hata nusu ilitosha, nikacheka kwa moyo wangu wote. Unajua nikicheka uso wangu unafanya nini. Upande wa kulia unacheka. Upande wa kushoto hausogei, na mdomo unavutwa juu kama wa mtu aliyenusa kitu kibaya. Mzee Kibii akanitazama, akanyamaza katikati ya neno. Akatazama kovu. Akaweka kikombe chini na hakukigusa tena. Waliondoka jua likiwa bado juu.

Nilitaka kumkimbilia nimwambie, nilikuwa nacheka na wewe. Lakini mtu hawezi kusema hivyo kwa uso unaosema kinyume.

Nitafika tarehe 9.

Mjomba wako,
Jamleck

(Lile swali la faili nimelisoma.)

*

Nakuru
19 Mei 2024

Mjomba mpendwa,

Huku sote wazima. Mama ameniandikia ujumbe kwamba mahindi ya Kabazi yamefika magotini.

Nimeziweka picha zako mbili kando kando, ya Machi na ya juzi. Lile bonde chini ya jicho limeanza kupanda. Kovu lilikuwa linang'aa kama mkanda wa plastiki, sasa lina vinyweleo viwili, vitatu, kama ngozi ya watu. Ukilibonyeza linabonyea. Daktari Immaculate aliziita picha zako "somo", na amewaonyesha wanafunzi wake uso wako bila jina. Anasema hajaona mzee anayefuata maagizo hivi. Nilimwambia mkewe ndiye anayeyafuata.

Abby alikuja kwangu Jumapili. Alilia mpaka akalowesha mto wangu. Kipketer wake anasema babake hataki kurudi Elburgon. Anasema aliwekwa kitini akachekwa katika nyumba ya watu. Abby akaniambia, "Baba anawadharau, Wachuka. Ananiambia anampenda Kipketer, lakini nilimwona kwa macho yangu akimcheka mzee wa watu."

Nilikuwa na ukweli mdomoni. Uliniambia nisiseme, sikusema. Lakini Mjomba, ule ulimi niliuuma mpaka ukauma kweli. Zoezi la shavu usiache: asubuhi na jioni, jaza hewa, vuta mdomo pande zote mbili mbele ya kioo.

Tarehe ya tatu ni 20 Juni.

Wachuka

*

Nakuru
7 Julai 2024

Mjomba,

Salamu kwa Mama Abby.

Hukuja tarehe 20. Nilikuwekea nafasi tena tarehe 27, hukuja. Nilimwuliza Kiprotich, akasema alikuona sokoni ukiwa mzima, ukanunua kabichi, ukamwambia huna barua.

Kama nilikuumiza, niambie. Kama ni lile swali, nimeshalifuta.

Wachuka

*

Elburgon
4 Agosti 2024

Kwa Wachuka,

Nisamehe. Kimya changu hakikuwa juu yako. Afya ipo, chakula kipo.

Asubuhi moja mwezi wa Juni nilikuwa nanyoa ndevu. Kwa miaka mingi wembe wangu huruka unapofika kwenye kovu, kama gari linapofika kwenye tuta. Siku hiyo haukuruka. Ulipita. Nikaketi kwenye ndoo, povu likakauka usoni. Nilijiuliza, alama hii ikilala kabisa, nani atajua kwamba jambo lile lilitokea? Nikaogopa, Wachuka, mimi niliyekuomba uilaze.

Andika kwenye faili yako: panga. Januari 2008.

Wewe ulikuwa darasa la nne huko Kabazi, na Abby alikuwa na miaka kumi na miwili. Nilikuwa nimeenda kupasua mbao kwa mteja mbali na nyumbani, zile ghasia za baada ya uchaguzi, makabila yakiwindana, zikanikuta huko. Nikarudi kwa miguu. Barabarani nilikutana na kundi la watu, na ndani yake kulikuwa na mtu niliyemjua, wa kabila moja na kina Kipketer. Tulikuwa tumefanya kazi benchi moja miaka sita, tukigawana githeri, mahindi na maharagwe, kwenye kifuniko cha mkebe. Alinitazama, nikamtazama. Nilifikiri ataniita kwa jina. Akainua panga.

Hakurudia. Alinikata mara moja, nikaanguka, wakapita. Sijui kama alitaka kuniua au alitaka wenzake waamini kwamba nimeshakufa. Nimeligeuza swali hilo miaka kumi na sita. Aliugua akafariki mwaka wa 2015. Nilienda kwenye mazishi, nikasimama nyuma kabisa, nikarudi nyumbani.

Mama mmoja nisiyemjua ndiye aliyenifunga uso kwa kitambaa chake cha kichwa. Hospitalini nilishonwa na nesi aliyekuwa ameshona watu tangu alfajiri, na foleni ilifika nje ya lango. Alishona haraka. Simlaumu.

Nilipofika nyumbani nilimwambia Mama Abby ukweli, na nyinyi watoto wote nikawaambia ni ubao. Sikutaka Abby akue akipima majina ya watu kabla ya kuwasalimia. Na uwongo ule ulifanya kazi. Abby alienda chuo akampenda Kipketer, akamleta nyumbani bila kusita mlangoni, kwa sababu hakuna mtu aliyemfundisha kusita. Nimetengeneza vitanda na makabati mengi, lakini hiyo ndiyo kazi yangu nzuri kuliko zote. Halafu Mzee Kibii akaja, akanitazama, na uso wangu ukamwambia yale niliyokuwa nimeyanyamazia.

Jana nilimwambia Mama Abby kwamba naogopa kulipoteza. Alinijibu, "Uso ni wako. Si jiwe la ukumbusho." Kisha akaniuliza nitavaa shati gani siku ya kwenda kwako.

Nitakuja Alhamisi, tarehe 22.

Mjomba wako

*

Nakuru
1 Septemba 2024

Mjomba wangu,

Nimeanza barua hii mara nne. Habari za nyumbani nitaziweka mwisho mara hii.

Miaka yote hiyo nimekuita mjomba, nikadhani ninakujua. Mimi hufurahi ngozi inapojiponya, nikajisifu kwamba najua mambo ya kupona. Kumbe kuna mtu aliyefunika jeraha lake kwa miaka kumi na sita si kwa sababu ya aibu, bali ili lisiambukize watoto. Sina neno la kitaalamu kwa kazi hiyo. Nilimwonyesha Daktari Immaculate ile nafasi kwenye faili baada ya kuijaza. Alisoma, akafunga faili, akakaa nayo mapajani. Akasema, "Mara hii nitamshughulikia mimi mwenyewe, wewe unisaidie." Ndiyo sababu Alhamisi ile ulituona wawili mwanzo hadi mwisho.

Uliniuliza ukiwa umelala pale kama litapotea. Nilikujibu kwa kichwa, sasa nakujibu kwa maandishi. Halitapotea. Anayejua pa kutazama ataliona hadi mwisho wa maisha yako, mstari mwembamba, laini. Ngozi haisahau, Mjomba. Ilichofanya ni kuacha kuvuta. Ulipoinuka ukamwambia Daktari asante, mdomo ulipanda pande zote mbili kwa pamoja. Sikumbuki kama niliwahi kuliona tabasamu lako zima. Nilitoka nje nikajifanya natafuta pamba.

Bado mara moja, 3 Oktoba, kisha tunaiachia ngozi imalize yenyewe. Mwite Mzee Kibii. Mtumie Kipketer. Mwambie ni mimi niliyeomba.

Mama ni mzima. Ndama Neema amekula kofia ya mchungaji.

Wachuka

*

Elburgon
15 Desemba 2024

Kwa mpwa wangu Wachuka,

Nakuandikia nikiwa na furaha, na nikiwa nimechoka vizuri. Mama Abby, mama yako na majirani watatu walipika siku mbili. Ulikosa kwa sababu ya kazi, kwa hivyo nitakueleza kama ilivyokuwa, nisiache kitu.

Walikuja Jumamosi, tarehe saba. Mzee Kibii aliingia wa mwisho. Kipketer alikuwa amembembeleza tangu Oktoba, na nadhani alikuja kwa ajili ya mtoto tu, si kwa ajili yangu. Nilimpa mkono, nikamkaribisha. Alinitazama usoni, akatazama chini, akatazama tena, kama mtu aliyeingia nyumba aliyoijua akakuta dirisha limehamishwa.

Baada ya maombi chai ililetwa. Mzee Kibii hakugusa kikombe. Aliinuka, akabeba kiti chake mwenyewe, akakileta upande wangu wa kulia. Kipketer alikuwa amemwambia juu ya sikio. Akaniinamia.

"Mzee Jamleck, mwaka jana niliondoka kwako bila kumaliza chai. Nilidhani unanicheka."

"Nilikuwa namcheka ng'ombe wako," nikamwambia. "Yule wa sadaka."

Akacheka, nami nikacheka. Aliutazama uso wangu wote mpaka nikamaliza kucheka. Kisha akauliza polepole, si kwa ugomvi:

"Hiyo alama. Ni ya mwaka ule?"

Sikio langu halisikii vizuri, lakini nilisikia nyumba yote ikinyamaza. Abby alikuwa anapitisha sukari, akabaki na kijiko hewani. Wachuka, jibu langu la ubao lilikuwa tayari kwenye ulimi, limekaa hapo miaka mingi. Nikamtazama yule mzee, nikaona hawezi kula chakula changu juu ya uwongo.

"Ndiyo," nikasema. "Ni ya mwaka ule. Lakini haikutoka kwako."

Nikatabasamu. Kwa uso wangu wa zamani, neno hilo lingekuwa mashtaka. Ningekuwa nimeinua mdomo upande mmoja, na watu wangechukua kofia zao. Kwa uso huu mliouhangaikia wewe na Daktari Immaculate, pande zote zilipanda pamoja, naye akaona ninachomaanisha. Sijawahi kusoma vitabu vya dawa, lakini nimefanya kazi na vyombo maisha yangu yote, na nakuambia sijaona chombo kidogo kilichofanya kazi kubwa kama ile kalamu yako, wala mkono mtulivu kama wako. Mungu akutunzie mkono huo.

Mzee Kibii alivua kofia. Akasema, sasa bila kuniinamia, kwa hivyo Kipketer alinirudia maneno sikioni papo hapo:

"Mwaka ule mdogo wangu alitoka asubuhi na vijana wenzake. Nilikuwa mlangoni. Ningeweza kuufunga, sikuufunga. Hakurudi."

"Pole sana," nikamwambia.

Aliigeuza kofia mikononi. Kisha akasema, "Wewe ndiye mtu wa kwanza kuniambia pole juu yake. Wengine wote walisema alijitafutia."

Mama Kipketer ndiye aliyeinuka akamshika Abby, kwa maana Abby alikuwa analia kimya na sukari imemwagika. Baadaye alinijia jikoni.

"Baba, kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungemtazama Kipketer kwa macho gani siku ya kwanza?"

Alifikiri. Nilimwona akifikiri kweli. Akapitisha kidole chake kwenye shavu langu, kutoka juu hadi chini, jambo ambalo hakuwahi kufanya hata alipokuwa mtoto, na akaniambia nitoke nikale kabla nyama haijapoa. Mzee Kibii alikunywa vikombe vitatu na akala mpaka mama yako akaanza kumwogopa. Harusi ni mwezi wa Aprili. Wewe umeshapangwa kwenye kamati, usikatae.

Jua lilipokuwa linashuka niliwasindikiza hadi langoni. Mzee Kibii alibaki nyuma ya wenzake, akaja tena kwenye sikio langu.

"Anaitwa Kiprugut," akasema. "Mdogo wangu. Nilitaka ulijue jina."

Nililirudia ili ajue nimelisikia sawasawa. Akaitikia kwa kichwa, akapanda gari. Niliporudi ndani nikachukua Biblia yetu, ile kubwa, nikafungua ukurasa wa mbele ambapo huwa tunaandika jamaa waliotutangulia. Chini ya baba yangu na mama yangu kulikuwa na nafasi. Nikaandika hapo: Kiprugut, ndugu wa Kibii, wa Keringet.

Mjomba wako akupendaye,
Jamleck Kahiga